Aliyetoka gerezani naye aandikiwe barua ya utambulisho

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka vibaka wa hapa Tanga wakikamatwa wasifikishwe polisi, wamalizwe pale pale, na waliokwisha kufungwa wasipokelewe tena mitaani. Hasira yake simlaumu. Mimi ni mmoja wa watu waliomfanya aandike vile.

Nina miaka 36. Nilipokuwa na 19 kijiwe chetu kilikuwa Makorora, watu sita. Tulianza na simu. Mmoja anakaba shingo kwa nyuma, wa pili anapekua mifuko, wa tatu anatazama njia. Tukimaliza tunakwenda kunywa na kuigizana jinsi mtu alivyokoroma. Wala haikuwa njaa. Mama yangu alikuwa akiuza mihogo, na jioni sahani yangu ilikuwa imefunikwa ikinisubiri.

Mwenzetu mmoja alimalizwa, kama msomaji anavyotaka. Alipigwa, akavishwa tairi, akachomwa. Nilikuwa ndani ya umati ule nikijifanya mpita njia, na harufu ile ninayo mpaka leo. Msomaji atadhani tuliogopa tukaacha. Tuliogopa, ndiyo. Wiki ile ile tukachanga pesa tukanunua mapanga, ili safari nyingine mtu asithubutu kupiga kelele za mwizi.

Panga langu lilimpata kijana wa bodaboda. Ilikuwa 2011. Tulimkodi Ngamiani usiku, mimi na mwenzangu, atupeleke Pongwe. Tulipofika kwenye mkonge nikamwambia asimame nijisaidie. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga uso, nikamkata juu ya kifundo. Pikipiki tuliiuza shilingi 400,000, tukagawana watu wanne.

Tulikamatwa siku ya tisa. Mahakama ya Wilaya ilinipa miaka 30, ndiyo adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Rufaa ikabadilisha kosa kuwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ikawa 15. Nikapunguziwa theluthi kwa tabia njema, nikatumikia 10.

Miaka sita ya mwanzo nilikuwa yule yule, mbabe wa selo. Kisha nikapelekwa karakana ya useremala, tukitengeneza madawati ya shule. Askari mzee aliyekuwa fundi wetu alikuwa na kawaida yake: dawati likikamilika ananikalisha, ananiambia nipitishe kiganja chini ya ubao, polepole, kama mtoto anavyofanya akichoka kumsikiliza mwalimu. Kibanzi kikinichoma, narudi kwenye msasa. Siku moja nimekaa pale, magoti yamenifika kifuani, nikakumbuka kuwa binti yangu, niliyemwacha ana miezi saba, mwaka ule anaanza darasa la kwanza. Nililia mbele ya wafungwa wenzangu. Watu wakiniuliza nilibadilikaje hutaka kusikia habari ya ndoto au sauti. Mimi nilibadilishwa na kile kiganja chini ya ubao.

Nilitoka 2021 nikiijua randa, patasi na vanishi. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Kila aliyewahi kuhangaika anaijua barua hiyo: ukitafuta kazi unaulizwa, ukifungua akaunti unaulizwa. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu kumi na moja. Mafundi wanne vijana walitaka tuunde kikundi, tuombe ule mkopo usio na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huwatengea vijana. Wakaambiwa jina langu litawaharibia. Wakanitoa, na sikuwalaumu, wana watoto.

Wiki hiyo hiyo wawili wa kijiwe cha zamani walinifuata nyumbani. Wao hawakuniuliza barua.

Sikwenda nao, lakini nilikaa usiku kucha nikiwaza kwenda. Kilichoniokoa ni fundi mmoja wa Ngamiani aliyenipa meza kwenye karakana yake, akinilipa shilingi 5,000 kwa siku, na funguo za mlango baada ya miezi miwili. Je, wangapi wanatoka na hawampati mtu kama yule?

Wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi, tuandikieni. Siombi mfiche kitu. Andikeni kwamba mtu huyu alifungwa, kosa lake ni hili, miaka yake ni hii, na kila mwezi lazima aripoti kwenu. Lakini barua itoke, yenye mhuri, ili kazi ikipatikana isimpite. Na wewe msomaji mwenzangu, ukiona kijana amekamatwa, mwite polisi.

Yule kijana wa bodaboda yupo, anauza kahawa Ngamiani. Nilimwendea pamoja na mzee wa msikitini kwetu, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: pikipiki tuliiuza shilingi ngapi. Nilipomjibu akatazama pembeni muda mrefu. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, akasema, imebaki miezi miwili iwe yake. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Mkono ule haukunji vidole. Haubani klachi. Hata kahawa haiuzi kama wenzake wanaotembea, dele, yaani birika la kahawa, mkono mmoja na vikombe vinalia mkono wa pili, maana vikombe vinamponyoka. Yeye lazima akae mahali pamoja, wateja wamfuate. Ndiyo maana mwezi uliopita nilimchongea benchi la mninga, la watu watano, nikapitisha kiganja chini ya ubao wote. Akauliza bei. Nikasema ni lake, siliuzi. Akasema hapokei cha bure kutoka kwangu. Nikataja 35,000. Akazibana noti kifuani kwa mkono mbovu, akahesabu kwa mkono mzima, moja moja, akanipa.

Fundi seremala (jina limehifadhiwa)
Ngamiani, Tanga