Yah: Malalamiko kuhusu sikwensa yenu ya MIDI inavyomwacha anayeanza

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu,

Tunawaandikia kuhusu programu yenu ya sikwensa ya MIDI (ya kurekodi na kupanga noti za muziki) kwa vishikwambi, ambayo tumeilipia bei kamili. Ikishapangwa vizuri inafanya kazi nzuri. Shida ni jinsi inavyofunguka mara ya kwanza.

Mwongozo wenu wa kuanza unaonyesha namna ya kubadili rangi za traki (mistari ya kurekodia, kila chombo na wake), lakini hausemi popote kwamba MIDI, lugha ambayo kinanda na programu huwasiliana kwayo, haibebi sauti. Inabeba maagizo tu: piga noti 60 kwa nguvu ya 90, kisha iachie. Traki mpya katika programu yenu hufunguka bila ala, yaani bila chombo cha kuzipa noti sauti. Mtu anachomeka kinanda, anabonyeza, taa ya kijani inawaka kuonyesha ujumbe umeingia, na hakuna kinachosikika. Wengi hulaumu waya na kwenda kununua mwingine, wakati kilichokosekana ni ala tu. Maneno matatu kwenye traki tupu, "Chagua ala kwanza", yangewaokoa.

La pili ni chaneli. MIDI ina chaneli 16, yaani njia za kutenganisha maagizo ya kila chombo, na kwa kanuni za General MIDI, mpangilio wa pamoja wa sauti za vyombo, ngoma hukaa chaneli ya 10. Ninyi mnaweka kila traki mpya chaneli ya 1. Ukipeleka piano, besi na ngoma kwenye kinanda cha nje, noti 36, ambayo ilipaswa kuwa ngoma kubwa, inalia kama noti ya chini ya piano. Ukichagua sauti ya besi, na piano nayo inageuka besi, kwa kuwa zote zinasikiliza chaneli moja.

Linalotuuma zaidi ni kule kunyoosha noti, yaani programu kuzisogeza noti hadi nafasi ya mdundo iliyo karibu. Mmeliacha likiwa limewashwa, kwa robo ya pigo, na linafanya kazi wakati wa kurekodi. Chukueni kasi ya mapigo 120 kwa dakika: pigo moja ni milisekunde 500. Mpigaji akiligawa pigo hilo katika noti tatu sawa, zinaangukia 0, 167 na 333. Programu inajua 0, 125, 250 na 375 tu, kwa hiyo noti ya pili inavutwa nyuma hadi 125 na ya tatu inasukumwa hadi 375. Mdundo uliokuwa unabembea unakuwa wa kuchechemea, na kwa vile nafasi za awali hazihifadhiwi, kuzima baadaye hakurudishi kitu. Anayejifunza anaamini mkono wake ndio mbovu. Hilo si haki hata kidogo. Rekodini kama ilivyopigwa, kunyoosha kuje baadaye na kuweze kutenguliwa.

Kuna pia noti kulia mara mbili. Kinanda chenye sauti zake hulia mara tu kinapopigwa, kisha programu inakirudishia noti ile ile, na sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye bomba. Dawa ni kuzima Local (mpangilio unaofanya kinanda kilie chenyewe kinapopigwa) kwenye kinanda, au kuzima urudishaji kwenye programu. Swichi ya urudishaji mmeificha ndani ya menyu ya nne.

Waya ukichomoka noti ikiwa imeshikiliwa, agizo la kuiachia halifiki, na noti inaendelea kulia bila kukoma. Kidhibiti namba 123, mojawapo ya maagizo ya MIDI, kipo kwa ajili ya kunyamazisha noti zote. Hamjaweka kitufe chake, kwa hiyo mtumiaji analazimika kufunga programu nzima na kupoteza alichokuwa hajahifadhi.

Bufa nayo, yaani kiasi cha sauti ambacho programu hukiandaa kabla ya kukitoa: mmeanzia sampuli 1024 (vipande vidogo vya sauti). Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 23, na kidole kinauhisi. Sampuli 256 hazifiki milisekunde 6.

Tunaomba toleo lijalo lifunguke likiwa na ala kwenye traki ya kwanza, ngoma zikiwa chaneli ya 10, unyooshaji ukiwa umezimwa, na kitufe cha kunyamazisha kikiwa kwenye skrini kuu. Mwongozo wa kuanza uandikwe upya, uanze na kuunganisha kinanda na kupata sauti; rangi zinaweza kusubiri. Waliopoteza rekodi zao kwa sababu ya unyooshaji huo warudishiwe fedha wakiomba. Mtujibu kwa maandishi, mkitaja toleo litakalokuwa na marekebisho haya.

Wenu,
Watumiaji wa programu yenu