Shosti, ukisikia moto sema

Pili mwaya,

Voisi zako zote nne nimezisikiliza, ile ya dakika sita nimeirudia mara mbili maana jogoo wenu alikuwa anawika humo humo, sa nikaona kujibu kwa voisi hapa kwangu haiwezekani, watoto wa dada wamekuja likizo na nyumba imejaa masikio, nikianza kutaja kidevu changu na tumbo lako kesho Sinza nzima inajua. Ndo maana nakuandikia. Soma taratibu na shemeji asione.

Tuanze na tarehe kwanza maana hapo umenichekesha. Send-off ya mwanao mwezi wa 12, afu we unataka uende ukakazwe ngozi ya uso na tumbo kwa mashine ya RF wiki moja kabla, ili iweje? Hiyo mashine kazi yake inapitisha umeme wa masafa ya redio kwenye ngozi, ngozi inaukatalia katalia kupita, na huko kukatalia ndo kunatoa joto, yani moto unazaliwa ndani kwa ndani sio kama pasi inayoanza kuunguza juu. Kwenye zile mashine kubwa joto la ndani linafika nyuzi 60 na kitu, ila juu ya ngozi wanapoza ili usiungue, na zile ndogo za kurudia rudia wanahakikisha juu haipandi sana zaidi ya 40. Kolajeni ya zamani, zile nyuzi za ndani zinazoshikilia ngozi, inajikunja, si unajua ngozi ya kuku ikiingia kwenye mafuta ya moto inavyojivuta, basi ndo hivyo hivyo, afu mwili nao unadhani umeumizwa unaanza kutengeneza nyingine mpya. Hiyo mpya ndo unayoilipia pesa yako ya kikoba, na haina haraka kabisa, miezi miwili, mitatu, kuna wanaofika sita. Kama unataka picha za Desemba zikutoe vizuri ungekuwa ushaanza, hii Septemba tayari tumechelewa kidogo ila bora sasa kuliko hiyo wiki yako moja.

Na usishtuke ukiona siku ya kwanza uso umekaza mpaka unajipiga selfi bila filta. Mi nilijipiga 23, nikamtumia hadi mama mkwe. Ule ni uvimbe, shosti. Siku ya nne ukashuka na kidevu kikarudi kilipokuwa, nikakaa kitandani nimeshika kioo nalia nimetapeliwa, nusura niwapigie simu niwatukane. Sikutapeliwa, hapo kazi ndo kwanza ilikuwa inaanza chini huko. Mwezi wa tatu ndo dada wa genge akaniambia mbona umependeza, umepungua? Yule hajawahi kunisifia tangu nihamie hapa, kwa hiyo niliamini.

Sasa ile nyingine ambayo sijawahi kukuhadithia vizuri.

Unakumbuka nilikwambia nina kidonda kidogo kwenye taya, nikasingizia mafuta ya maandazi? Uongo. Ni mashine. Nilikuwa naenda mara ya tatu, nimezoea, sina wasiwasi, yule dada anayeendesha anapiga stori na mwenzake wa mapokezi kuhusu vikoba vyao huko, mkono unatembea tu usoni kwangu. Ile jeli inatakiwa iwe nyingi na kile kichwa cha mashine kilale chote kwenye ngozi, kikiinuka upande mmoja umeme wote unakimbilia kwenye ncha iliyobaki inagusa, na taya lenyewe lina kona ya mfupa, nyama hakuna, jeli imeshakauka. Nikasikia kama mtu kanibandika kijiko kilichotoka kwenye chai ya moto. Nikanyamaza.

Pili, nilinyamaza! Mwanamke mzima wa miaka 44, nimelipa hela yangu, nimelala pale nimekunja vidole vya miguu kwa maumivu, nanyamaza. Maana mwanzoni kabisa alishaniambia "ukivumilia ndo inashika vizuri dada", na mi neno vumilia nikilisikia tu akili inajifunga yenyewe, nimelishwa tangu mkeka wa unyago, ukiumwa vumilia, ukizaa vumilia, mume akinuna vumilia, sa kijiko cha moto ni nini. Akapita tena palepale mara ya pili. Ndo nikasema ah! akasema pole, akapunguza, akaendelea.

Jioni kikatoka kilengelenge saizi ya punje ya dengu, kina maji ndani, kimekaa pale kwenye kona ya taya kama kipini.

Kwa hiyo ukiniuliza baada ya ile kitu ujitunzeje, mi nakwambia utunzaji unaanza ukiwa bado umelala pale kitandani. Joto kama jua la saa nne asubuhi ni sawa, joto kama chai inayonyweka ni sawa, ila ukisikia kitu kinachoma, kinadunga, kinakung'ata sehemu moja, sema hapo hapo, usisubiri apite. Mtu anayejua kazi yake anakuuliza mwenyewe kila baada ya muda, na hisia yako ndo kipimo chake, ule moto uko ndani yeye hauoni. Akikwambia vumilia vaa viatu uondoke. Sitanii.

Na mwambie vitu vyako vyote kabla. Jino lako la dhahabu mwambie, wanaweza kukuwekea pamba mbichi kati ya shavu na fizi ili usisikie shoti. Hereni, cheni, kipini, vyote toa. Kwa habari ya tumbo, kitanzi kama bado unacho kitaje, maana vingine vina madini ya shaba na kuna mashine haziruhusiwi kupita hapo. Mamako naye nimemsikia nyuma kwenye voisi anasema na yeye anataka, mwambie shikamoo yake naituma ila yeye na kile kifaa chake cha mapigo ya moyo asisogee hata kwenye mlango wa hicho chumba.

Haya tukitoka hapo. Siku ya kwanza uso unakuwa mwekundu, sisi weusi hauonekani sana, wewe ndo utausikia, umejaa joto kama umetoka kupuliza jiko la mkaa. Masaa machache unaisha, ukizidi sana mpaka kesho yake. Kuvimba kidogo siku mbili tatu. Ganzi kidogo au kuwasha ni kawaida. Dawa yake kubwa ni usiongeze moto mwingine juu ya ule, basi, na hapo ndo wengi tunaharibu maana maisha yetu yote ni moto. Siku mbili za kwanza mpishi awe mtu mwingine, sitaki nisikie umeinamia chapati. Na maji ya kunawia, we unadhani ya bomba ni ya baridi? Hapa kwangu maji ya kwenye simtanki ikifika saa nane mchana yanatoka kama ya kukandia mzazi, mi nilinawa nayo siku ya kwanza nikaruka. Chota asubuhi weka ndooni.

Halafu saluni! Nimeiona kwenye mawazo yako, unataka utoke kliniki upitilize kuseti nywele. Lile draya la kofia linapuliza hewa ya moto mpaka paji la uso na mashavu, nusu saa nzima. Seti nywele kabla, au ngoja siku tatu. Jogingi zako za asubuhi na akina mama wa mtaa pia pumzika, jasho na joto vyote vinakurudisha nyuma.

Shangazi yangu mimi ndo alikuwa mtihani. Nilishikwa na mafua siku inayofuata, akaja na nyungu yake, mwarobaini, mchaichai, majani ya limao, sufuria inatoka moshi, na blanketi kabeba. Nikamwambia shangazi leo hapana, akanuna hadi jioni. Sa jioni ile ile ndo akaona lengelenge, na hapo nikashindwa kumkatalia mara ya pili, akanipaka dawa ya meno. Nimekubali mwenyewe simlaumu. Ikakauka, ikavuta, asubuhi nanawa lengelenge likatoka na ngozi yake, chini pekundu, panachoma mpaka machozi.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtu mzima, akaniangalia juu ya miwani akasema "mwanangu umeungua ukajipaka mnanaa". Sikuwa na jibu. Akasema lengelenge huwa halitobolewi, ile ngozi ya juu ndo bandeji yenyewe. Ukiungua tu, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, sio barafu, barafu nayo inaunguza kwa upande wake. Baada ya hapo mafuta ya mgando yale meupe yasiyo na harufu, pakae pabichi pabichi, funika kama nguo inagusa. Asali na manjano kaweke kwenye chai. Kikianza kutoa usaha, au wekundu unatambaa, au una homa, hospitali, usinipigie mimi.

Kidonda kilipona kama siku kumi, ila doa, Mungu wangu. Ngozi zetu hizi hazisahau. Watu wanasema RF ndo nzuri kwa sisi weusi, na ni kweli, kwa sababu leza nyingi zinakimbilia rangi ya ngozi na hii haijali rangi, haikuulizi we mweupe au mweusi. Ila ukishaungua imeungua, na weusi wetu unajikusanya palepale. Nilibaki na doa jeusi kama nimebandikwa punje ya pilipili manga, miezi mitano nafunga mtandio hadi kazini, bosi akaniuliza umeolewa upya? Sasa hivi limebaki kivuli, ukiwa mbali hulioni.

Lililosaidia ni sanskrini, losheni ya kukinga jua, na sio ile ya kupaka siku ukienda bichi. Kila asubuhi, hata mvua inanyesha, SPF 30 au zaidi, na yule mama daktari akaniambia nitafute yenye rangi rangi kidogo kama fandesheni, inakuwa na madini ya chuma ndani na inazuia hata ule mwanga wa kawaida unaozidisha madoa kwa watu weusi. Nyeupe zile zinanitoa kama nimekandika chokaa bora hiyo. Na wewe ukienda, hata usipoungua, paka, tena usipande bodaboda saa saba mchana bila kofia.

Vitu vya kuacha kama wiki hivi ni retino, zile krimu za vitamini A, asidi zile za kung'arisha, skrabu, na ile singo yako ya kutoka Tanga, najua unaipenda, iache ikae kwenye kopo. Kutoa nywele za kidevu kwa uzi pia. Sabuni laini na losheni ya kawaida vinatosha, usikubali wakuuzie furushi la krimu mapokezi, mi nilinunua tatu, mbili ziko kabatini mpaka leo.

Na lingine usichukie nikikuuliza, ile krimu ya kichupa bila lebo uliyonunua Kariakoo bado unapaka? Unajua ninayoisema. Hizo nyingi zina zebaki au haidrokwinoni au steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, zinalainisha ngozi mpaka inakuwa karatasi, sa uende ukaipitishie moto karatasi? Acha kwanza, na umwambie daktari kabla hujagusa mashine yoyote, hatakusema. Akikusema tafuta mwingine.

Kwa faida ya mama Zuu, najua utamsomea, anayesema ni mambo ya juzi ya Instagramu, mwambie Marekani wameziruhusu kwa mikunjo ya macho tangu 2002. Sema haikati ngozi, kwa hiyo aliyetegemea atoke na uso wa miaka 20 atarudi analalamika. Inavuta kidogo. Tumbo la watoto wanne, Pili, itavuta kidogo tu, ile nyama iliyoning'inia haitoki kwa mashine, na kama ile misuli imeachana katikati ni habari nyingine kabisa. Nakwambia mapema maana nakujua ukitoa hela.

Kama bado unataka njoo wiki ya pili ya mwezi wa kumi, utafikia kwangu, kliniki ile sikupeleki, yule mama daktari kanielekeza kwingine na nitaingia na wewe chumbani nikae pale kwenye kiti. Ukikunja vidole vya miguu nasema mimi.

Basi la asubuhi ndo zuri unafika bado mapema. Niletee samaki wa kukaanga ila usipande nao mbele na dereva kama mwaka jana. Na zile khanga zangu mbili, ile ya kijani hasa.

Zai