Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: mbwa akipona uvimbe wa TVT, ile sampuli isitupwe

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naomba uisome hii mpaka mwisho hata kama una mambo mengi. Kuna kansa ya mbwa ya kuambukiza, ule uvimbe wa sehemu za siri tunaouita TVT, na sio kirusi wala bakteria, ni seli yenyewe ya kansa inahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana au wakilambana, inashika inaota. Ilianza kwa mbwa mmoja tu maelfu ya miaka iliyopita, yeye kashaoza zamani sana ila seli zake mpaka leo zinazunguka dunia. Seli ya mbwa wa kawaida ina kromosomu 78 (zile nyuzi zinazobeba jeni), hizi seli za uvimbe zina kama 57 hadi 59 hivi, yaani ni mgeni kabisa mwilini.

Sasa mgeni anakaaje? Figo ya mtu mwingine tu mwili unaikataa! Hii seli inachofanya ni kuficha zile protini za juu yake ambazo ndo kitambulisho, na inamwaga kemikali za kuwapoza askari wa kinga, wanapita pale hawaoni kitu. Halafu, na hapa ndo naomba utulie Mheshimiwa, kuna mbwa wengine baada ya muda mambo yanageuka, chembe nyeupe za damu, wale askari wa kinga, zinajaa ndani ya uvimbe, vitambulisho vinaanza kuonekana tena, uvimbe unanywea wenyewe. Kwenye majaribio aliyepona hivyo akipandikiziwa tena haushiki. Ila kwa kitoto au mbwa ambaye kinga imeshuka unaweza kusambaa mwili mzima.

Mwaka jana tulimuokota jike mmoja, kila alipolala anaacha matone ya damu sakafuni, ukimwangalia nyuma kuna nyama nyekundu kama koliflawa, ukiigusa kidogo inameguka. Kliniki ya kwanza wakasema achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja, tukakataa. Ya pili wakakata kipande wakapima wakaanza vinkristini, dawa ya kansa, sindano moja kwa wiki, na kufika ya nne imebaki kitu kama punje ya harage, nililia jamani. Nikauliza kile kipande kiko wapi, nikaambiwa kilishatupwa siku ile ile.

Hapo ndo panaponiuma. Maana hata hiyo dawa haimalizi kazi peke yake, inashtua uvimbe halafu kinga ya mbwa mwenyewe inaingia. Kile kipande kilikuwa na habari ya jinsi kinga inavyoamka, kimeenda jalalani!

Na sio habari ya mbwa tu. Kule Tasmania, Australia, kuna mnyama anaitwa shetani wa Tasmania, wanaambukizana kansa ya usoni kwa kung'atana, ilionekana mara ya kwanza 1996, na 2014 ikagundulika ya pili tofauti kabisa. Wengi mno wamekufa. Ile ya kwanza nayo inaficha vitambulisho, ila wataalamu walikuta jeni zake hazijaharibika, zimezimwa tu, na ukiziwekea intaferoni gama, kemikali ambayo kinga yenyewe huitoa, kwenye maabara zinawaka tena. Na wapo wachache porini ambao wametengeneza kingamwili na uvimbe ukarudi nyuma. Wachache, lakini wapo! Wamejulikana kwa sababu kuna watu walikuwa wanawakamata, wanawapima, wanaandika, wanawaachia, wanarudi tena.

Ninachoomba sio jengo la maabara. Naomba waraka mmoja tu kwa kliniki zote za wanyama: kabla ya sindano ya kwanza kipande kihifadhiwe, baada ya ya pili kingine kidogo, na mbwa yeyote aliyepona bila dawa aandikwe umri wake, uvimbe ulikaa muda gani, na atolewe damu. Madaktari wengi wako tayari, wanachokosa ni agizo na mahali pa kupeleka.

Huyo jike yupo kwangu, ana afya, mwaka umepita haujarudi. Siku yoyote ofisi yako ikisema nimlete atolewe damu, namleta.