Watoto wametoka bwenini, sasa wapewe nafasi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Wapo wazazi waliolalamika kwamba kazi zao haziwaruhusu kukaa na watoto, na wapo wamiliki wa shule waliohofia mapato yao. Mimi niliuunga mkono waraka ule na bado nauunga mkono. Ninachoomba kukisema katika gazeti lako ni kwamba wengi wa watoto tuliowatoa bwenini tumewarudisha katika nyumba zisizo na muda nao.

Basi la shule humpitia mtoto kabla hakujapambazuka na kumrudisha jioni, akapokelewa na mwalimu wa tuisheni kwa sababu Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unakaribia, na Jumamosi huwa tena darasani. Sare zake hufuliwa na dada wa kazi, sahani yake huoshwa na dada huyo huyo. Mtoto wa miaka tisa anazitaja sayari zote kwa mpangilio, lakini hajawahi kuaminiwa kumlisha mdogo wake uji.

Kwa miaka niliyofundisha shule ya msingi, watoto niliowaona wakijiamini walikuwa wale waliokabidhiwa nyumbani kazi ambayo wasipoifanya kuna mtu ataumia: kuku watashinda bila maji, au bibi atakosa maji ya kuoga. Huko ndiko huruma nayo huanzia, kwa kumhudumia mtu unayemwona kila siku. Wanaodhani kwamba kumpa mtoto kazi ni kumnyanyasa waisome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 12 kinakataza kumtumikisha mtoto katika shughuli inayodhuru afya au elimu yake, kwa hiyo kumpeleka kuponda kokoto au kuuza karanga stendi usiku ni kosa. Lakini kifungu cha 15 kinamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia na jamii yake, na kufagia uwanja wa nyumba anamolala ni sehemu ya wajibu huo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kumnyamazisha mtoto. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ilhali katika nyumba nyingi akifungua mdomo huambiwa wakubwa wanazungumza. Heshima haipotei kwa kumsikiliza, kwani mtoto anaweza kuamkia shikamoo na bado akasema wazi kwamba hataki kubaki peke yake na mtu fulani. Aliyezoeshwa kunyamaza mezani atanyamaza pia pale ndugu au jirani atakapomfanyia ukatili, nasi tutakuja kulijua jambo hilo polisi au hospitali, tukiulizana kwa nini hakusema mapema. Naomba kila mzazi amuulize mtoto wake leo jioni siku yake ilikuwaje, kisha aweke simu chini na kusubiri jibu lote, hata likichukua muda mrefu.

Kuhusu malengo ya maisha, mtoto huanza kuyapata anapoona kazi za watu wazima kwa macho yake. Fundi mwashi na ampeleke mwanawe siku moja aone ukuta unavyopimwa kwa timazi, na muuza duka amwonyeshe wake hesabu za jioni.

Siku ya kufanya hayo ni Jumamosi, nayo tumeitoa kwa tuisheni. Ndiyo maana nazisihi kamati za shule ziweke katika ajenda ya mkutano ujao wa wazazi suala la kufuta masomo ya Jumamosi kwa darasa la kwanza hadi la nne, na wazazi wanaoona kama mimi wahudhurie na kulisemea.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro