Barua kwa mwanangu: vihori vya mapafuni

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka Bombo. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu.

Uliniuliza kwenye simu mbona mwalimu wenu jana alisema alveoli za mapafu, leo anasema alveoli za meno. Hakukosea. Neno ni la Kilatini. Alveus ni hori, kitu chenye uwazi kama beseni. Warumi waliita hivyo hata tumbo la jahazi na mkondo wa mto. Alveolus ni kihori. Nasi Kiswahili chetu kinaita kihori mtumbwi mdogo, na hori pale anapolishiwa ng'ombe, kwa hiyo hutalisahau. Basi matabibu kila walipokuta kishimo mwilini walikipa jina hilo: kinachoshika mzizi wa jino, na vile vya matiti vinavyotengeneza maziwa.

Vya mapafu ndivyo ninavyotaka uvijue sana. Mwaka 1661 tabibu Marcello Malpighi wa Bologna, Italia, alitazama pafu la chura kwa hadubini akaona vifuko vya hewa vimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Mtu mzima anavyo mamilioni kwa mamia, kila kimoja kama milimita 0.2. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu.

Sasa sikiliza mambo ya leba. Ndani ya kila kihori mna utando wa maji, na maji huvuta kuta zishikane. Kinachozuia ni ute fulani ambao mtoto tumboni huanza kuwa nao wa kutosha kwenye wiki ya 34 hivi. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa ute huo. Njiti wa namna hiyo utamwona: kifua kinabonyea chini ya mbavu, pua zinatanuka, anaguna kila akitoa pumzi. Kule kuguna ni yeye mwenyewe anazuia vihori visifunge. Inaniuma kila mara, mwanangu. Ndiyo maana mama mwenye uchungu wa mapema, daktari akiamua, anachomwa dawa ya deksamethasoni kabla hajajifungua, mapafu ya mtoto yakomae haraka.

Ukipangiwa wodi ya njiti, mfunue mtoto kifua umtazame akipumua kwa dakika nzima, ndipo uandike. Nipigie Jumapili unieleze ulichoona.

Mama yako