Waamuzi chipukizi wasiachwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita, katika mechi ya watoto hapa Mtwara Mikindani, nilimwona mwamuzi kijana, aliyewazidi wachezaji miaka michache tu, akizongwa na kocha pamoja na wazazi wenzangu kwa sababu ya penalti moja, huku filimbi ikimtetemeka mdomoni. Iliniuma sana. Tangu mwaka 2019 sheria za soka zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha kocha kadi ya njano au nyekundu, na watazamaji wakivamia uwanja anaweza kusimamisha mchezo au kuuvunja kabisa. Lakini kijana yule, akiwa peke yake, hakuthubutu. Nawaomba waandaaji wampatie kila mwamuzi chipukizi mwamuzi mzoefu wa kusimama naye pembeni mwa uwanja.

Mzazi wa mchezaji,
Mtwara