Behewa la Mwisho

Lisle, Illinois

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, watoto wanasoma. Mzee anaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kwanza, maana barua hii ni yake kuliko ilivyo yako.

Jumamosi niliwapeleka watoto kwenye bustani ya kijiji. Usishangae kusikia kijiji. Huku hata mji wenye stesheni na maduka makubwa unaweza kuwa kijiji kisheria. Bustani inaitwa Station Park. Wamehifadhi humo jengo la stesheni ya zamani, la mwaka 1874, na pamoja nalo behewa moja la mbao la karne ya 19, mali ya kampuni ya Chicago, Burlington and Quincy enzi hizo. Nililizunguka kwanza bila kulielewa. Halafu nikashtuka: somo, hili si behewa la gadi, msimamizi wa treni, kama lile la Mzee?

Ndilo. Wamarekani wengi huliita kabusi, ila watu wa Burlington walikuwa na jina lao, waycar. Lilifungwa mkiani mwa treni ya mizigo, na ndani yake gadi alikuwa na meza ya kuandikia hati za mizigo, jiko, na mahali pa kulala. Mengi ya namna hii yalijengewa kijumba cha madirisha juu ya paa. Mtu alikaa huko akiutazama mgongo wa treni nzima, akitafuta moshi. Beringi ya ekseli ikikaukiwa mafuta hupata moto, na ikiachwa, ekseli hukatika na mabehewa kuacha reli.

Kazi ya breki ndiyo iliyonitia simanzi. Kabla breki za upepo hazijaenea kwenye treni za mizigo, watu walitembea juu ya mapaa, treni ikiwa mwendoni, wakizungusha usukani wa breki behewa baada ya behewa, hata juu ya barafu. Mwaka 1886 na 1887 breki mpya zilijaribiwa kwenye reli ya kampuni hii hii, huko Burlington, Iowa. Kwenye treni ndefu upepo ulichelewa kufika mkiani. Mabehewa ya mbele yameshashika breki, ya nyuma bado yanakuja kwa kasi, yanayabamiza ya mbele. Fikiria aliyeketi behewa la mwisho! George Westinghouse, mvumbuzi wa breki ya upepo, ilimbidi aitengeneze valvu yake upya.

Hapo nikamkumbuka Mzee alivyokuwa akituambia pale Tabora, ndani ya behewa lake, tusisimame kabla kishindo hakijafika kwetu. Tulikuwa tukikisikiliza kinavyokuja, ta-ta-ta-ta, kiungo kwa kiungo, kisha mtikiso, ndipo anatuachia mikono. Sikujua kwamba ile ilikuwa elimu.

Miaka ya 1980 kampuni za huku zilianza kuyaondoa mabehewa haya. Siku hizi mkiani panafungwa kisanduku chenye taa nyekundu, kinachompelekea dereva kwa redio kipimo cha upepo wa breki. Kinafanya kazi vizuri, sikatai. Lakini treni ya mizigo ilipopita, mwanangu aliipungia mkono tangu kichwa mpaka behewa la mwisho, na mwisho pakawa na taa tu. Sisi tulikuwa tukipungiwa bendera ya kijani.

Ninawapenda watu waliolitunza behewa lile. Mbao zikiachwa kwenye mvua na theluji huoza kuanzia chini na kwenye paa, kwa hiyo kulipaka rangi mara moja hakutoshi. Ni kazi ya kurudiwa miaka yote. Nao wamekubali kuifanya kwa ajili ya behewa la watu wa nyuma, ambao hata abiria hawakuwajua.

Sasa, somo, uliniandikia kwamba vijana wanataka kuuza taa ya Mzee kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nakuomba, wazuie. Nitatuma pesa maradufu ya wanachopewa, taa ibaki hapo hapo kwenu. Ipige picha, kile kioo chekundu na cha kijani vionekane. Kisha kaa na Mzee jioni moja, umrekodi kwenye simu. Muulize behewa lake lilikuwa na jiko la namna gani, na usiku wa mvua, kati ya Tabora na Kigoma, alijuaje kwamba mabehewa yote bado yamo.

Nasubiri jibu.

Ni mimi, somo yako